Asmini Niliyokukataza Kuikata

Kwako Zuhura, uliyekuwa mke mwenzangu,

Marahaba. Naitanguliza mimi, maana najua hata ukiwa na donge na mtu, shikamoo yake utampa kwanza. Ndivyo ulivyolelewa huko kwenu Paje, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi sana kukuonea.

Khamis kaniomba nikuandikie. Ijumaa iliyopita alirudi msikitini, akala, akanawa, akakaa akichezea tasbihi muda mrefu. Nikajua lipo jambo. Mwishowe akasema, "Bi Mkubwa, nataka kumwoa tena Zuhura. Eda yake ilishakwisha zamani, itabidi tufunge nikaha mpya. Mwandikie wewe. Mie naweza kukataliwa, lakini wewe anakupenda." Akanisifu na kunisifu. Akasema mji huu mzima hajaona mke aliyemtunza mke mwenzake kama nilivyokutunza wewe. Nikainama nikawa naokota punje za wali kwenye jamvi, kwa sababu nilikuwa nataka kucheka na sikutaka anione.

Basi barua ndiyo hii. Maneno matamu aliyoyataka sinayo.

Kabla ya yote ujue kuwa habari zako zinanifika. Shangazi yako, Bi Kazija, alikuja kwangu mwezi uliopita kuchukua makoja ya asmini kwa harusi ya mwanawe. Akakaa, akanywa kahawa, akanieleza. Kwamba huko Paje umepata mposaji, mwalimu wa skuli, kafiwa na mke, mtu mpole hana makelele. Kaleta posa mara mbili, na mara mbili umemrudisha kwa neno moja: "Mie sizai, nisikupotezee wakati." Kwamba mwalimu kasema atauliza mara ya tatu, na ukikataa hatouliza tena. Bi Kazija akashusha pumzi akasema, "Mtoto wa watu, Mungu kamnyima." Nami nikaitikia. Nikamfungia maua yake kwenye jani la mgomba, nikamwambia ndiyo, bibi, Mungu humpa amtakaye. Sikuona haya. Haya zilinijia baada ya siku tatu, nikiwa nasuuza vyombo, na hata hapo hazikukaa sana.

Unaikumbuka siku ya kwanza uliyopanda ngazi zangu? Ulikuwa na miezi sita ya ndoa. Ulikuja na kikapu cha pweza mkavu, viatu ukavivua kule chini mlangoni kama unaingia msikitini, ukapanda ghorofa mbili za nyumba ya Mji Mkongwe miguu mitupu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na vijembe vyangu vimenolewa, kimoja cha kukukaribisha, kimoja cha kukutolea. Ukakaa ukingoni mwa kiti ukasema, "Dada, nguo za Khamis zikitoka kwako zinanuka asmini siku mbili. Nazifua na bado zinanuka. Na mie nnataka za kwangu. Nifundishe."

Hukuwa na kijembe hata kidogo. Ulikuwa unauliza tu. Lo, Zuhura, bora ungenitukana! Mwanamke anayekuja kwa ubaya unajua wapi pa kumshika. Wewe ulikuja kuomba harufu ya kitandani mwangu, ukaiomba kwa adabu, na pweza juu.

Asmini zangu ulizijua kwa harufu tu wakati huo, hukuwa umepata kuziona. Zilikuwa kule juu kabisa, penye sakafu ya wazi ninapoanika nguo, makopo tisa ya samli yaliyotobolewa chini. Asmini yetu sisi ni ya kopo. Haipandi ukutani, haitambai, mti wake ni mfupi, haupiti kiuno, na ua lake limejaa kama waridi dogo. Mama yangu aliniachia mti mmoja, nikatia matawi hata ikawa tisa. Watu wa Mlandege na Malindi wakiwa na harusi, matumba ya koja la bibi harusi huja kuchukua kwangu. Ndicho kitu pekee katika mji huu watu walichokuwa wakinijulia, maana sina mtoto wa kuitwa mama yake fulani.

Nikapanda juu nikakukatia kitawi. Kilikuwa kitawi kizima, kinene, chenye macho matano. Sikukupa kibovu. Kitu kibovu mtu hukijua, akakitupa, akaenda kuomba kwengine. Nilikupa kizuri, kisha nikakupa na maneno.

Nikakwambia: kitie kwenye kopo kubwa, udongo mweusi, na mavi ya kuku kila wiki. Nikakwambia: maji asubuhi, maji jioni, usikiache kikauke hata siku moja. Nikakwambia: kiweke kivulini, jua la Unguja litakibabua. Na nikakwambia, tena hapo nikakushika mkono, usithubutu kuikata. "Asmini ina roho, mdogo wangu. Ukiikata inanuna." Wewe ulikuwa ukiyarudia yote kwa vidole, kama mtoto wa chuoni anayehifadhi sura.

Sasa nikwambie nilivyofundishwa mimi. Mama alikuwa akisema asmini ikishiba hulala. Ukiilisha na kuinywesha na kuifunika na jua, itakupa majani, majani tele, majani ya kumlishia mbuzi, na ua hutoliona. Asmini inataka kopo dogo, mizizi ibanane. Inataka jua la utosini. Kila ikimaliza kuchanua unaikata, unaikata kweli, unaiacha vijiti vya shubiri moja. Majani yaliyobaki unayapukutisha kwa mkono. Kisha unainyima maji siku nane, tisa, hata vijiti viwe kama vimekufa na mtu akipita aseme mbona huutupi mti huu. Hapo ndipo unaimwagia. Baada ya wiki chache inatoka matumba kwa hofu ya kufa. Hivyo ndivyo inavyochanua. Kila nililokwambia wewe lilikuwa kinyume chake, na kila moja lilisikika kama huruma.

Na kama ningeishia hapo, yangekuwa maovu ya kawaida ya ukewenza, Mungu angenisamehe na wewe ungecheka siku moja. Lakini ulishuka ngazi mbili ukageuka. Ukaniuliza, "Itachukua muda gani kuchanua, Dada?"

Sijui nilitoa wapi. Wallahi sijui. Nikasema, "Inategemea mkono. Bibi yangu alikuwa akisema asmini haimchanulii mwanamke aliyefungwa tumbo."

Bibi yangu hakusema hivyo. Bibi yangu alikuwa hata hapendi asmini, ikimtia mafua. Nililitunga pale pale, mguu wako ukiwa hewani. Wewe ukaweka mkono juu ya baibui, hapa tumboni, ukatabasamu. "Basi itachanua," ukasema, ukaenda zako Jang'ombe na kitawi chako ndani ya kikapu kilichokuwa na pweza.

Na mie nilikuwa najua. Hili ndilo linalonifanya niandike, kwa hivyo lisome taratibu. Mwaka wa tisa wa ndoa yangu, kabla hujajulikana katika nyumba hii, mimi na Khamis tulikwenda kupimwa. Majibu nilifuata peke yangu, yeye alikuwa bandarini akitoa mzigo wake wa vitambaa. Daktari alikuwa mwanamke, mzee kidogo, sauti yake ya chini. Akanambia, "Bibi, wewe huna kasoro yoyote. Kasoro iko kwa mwenzio, tena si ya kutibika." Akanipa karatasi. Nikaichana pale Darajani, vipande vidogo vidogo, nikanunua ndizi za mkono mmoja, nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu, "Kasema sote wazima, tungoje riziki."

Uso wake ulivyofunguka! Alinishika mikono yote miwili akasema alhamdulillah. Ningemwambia nini tena baada ya hapo? Nilikuwa nampenda. Na tusidanganyane, nilipenda pia kuwa nacho kitu chake ambacho yeye mwenyewe hakijui. Akinikasirisha nilikuwa namtazama tu, najiambia, ningefungua mdomo wewe. Mwanamke asiye na mtoto naye anahitaji silaha yake ndani ya nyumba.

Miaka ikapita akaja na habari yako. Anataka kuoa, apate mtoto, mimi nitabaki kuwa bi mkubwa na heshima yangu. Neno moja tu, Zuhura, lingekuzuia usije duniani mwetu. Nililimeza. Nilimpikia pilau ya harusi yenu, nikakutungia koja kwa mikono yangu hii. Nikijua vizuri sana kuwa anakwenda kuoa bure, na kwamba kitakachokosekana utaulizwa wewe. Watu wangeweza kushtuka, wake wawili na wote hawazai? Hawakushtuka. Mwanamme ana duka Mlandege, ana kanzu nyeupe, anaswali safu ya mbele, nani atamnyooshea kidole? Mtoto akikosekana hutafutwa mwenye tumbo.

Ukaipenda ile asmini. Nilikuja Jang'ombe kukutembelea ukanipeleka uani kabla hujanipa hata maji. Ilikuwa chini ya ukuta wa jirani, kwenye ndoo kubwa ya rangi, nene, kijani kibichi, majani yanang'aa. Ulikuwa unayafuta kwa kitambaa kilichorowa, moja moja. "Mashaallah," nikasema, "inakupenda." Kila mwezi ulikuwa ukinipigia simu. Siku moja ulipiga asubuhi unahema: "Dada, nimeona kitu cheupe! Cheupe, kwenye ncha!" Nilikaa chini. Nikakwambia tazama vizuri. Ukasogea karibu nayo, kisha ukasema, "Ah. Utando wa buibui." Nikakwambia subira, mdogo wangu. Nikaweka simu nikapanda juu kuchuma maua yangu, na siku hiyo yalikuwa mengi.

Ulikwenda hospitali. Hilo ulilifanya peke yako na nilikuogopa kwa hilo. Ukaja kunieleza kuwa wamekupima kila kitu, wamesema huna tatizo. Nikaona sasa yamekwisha, sasa utauliza, na Khamis je? Ukanitazama kwa yale macho yako ukasema, "Lakini hospitali hawaoni kila kitu, Dada. Mbona asmini haichanui?"

Ulikuwa na karatasi ya daktari mkononi na ukaamini kopo. Hapo hata mimi nilikudharau, na kukudharau kulinisaidia kulala.

Uongo wangu nao ulikuwa umeshapata miguu. Majirani zako wa Jang'ombe walikuwa wakija kuitazama ndoo yako na kutikisa vichwa. Nikaja kuusikia kwenye harusi moja, mwanamke nisiyemjua ananambia huku akila sambusa, "Wazee husema asmini haimchanulii mgumba." Nikamuuliza, wazee gani hao? "Wazee wa zamani," akanijibu, "sisi wa sasa tumeyapuuza." Nilitaka kumwambia mzee mwenyewe ni mie. Nikamwomba anipitishie pilipili.

Kisha mimi nikaumwa. Ile homa iliyonilaza wiki tatu, mifupa yote inauma, hata kikombe nashindwa kukishika. Khamis alikuwa na duka lake. Ukaja wewe. Kila siku kutoka Jang'ombe, hata siku ambazo zamu ilikuwa yako na ulikuwa na mume wa kumpikia kwako. Uliniosha. Ulinisuka nywele zilizokuwa zikinyonyoka mkononi mwako ukazificha nisizione, nami niliziona. Uliniwekea uji mdomoni kwa kijiko. Nilikuwa nafumba macho nijifanye nimelala, kwa sababu sikujua uso gani wa kukuonesha.

Na ukapanda juu. Hiyo ndiyo mara yako ya kwanza kufika pale. Mimi kabla ya homa nilikuwa nimeshazikata zote tisa, nimezipukutisha, nimezinyima maji, maana Ramadhani ilikuwa inakaribia na harusi za Mfungo Mosi, baada ya Idi, zilikuwa zimeshaagizwa. Wewe ukakuta vijiti tisa vikavu juani. Masikini ya Mungu, ulidhani zinakufa kwa sababu mwenyewe naumwa. Ukaziburuta kivulini, chini ya kile kibanda cha tangi. Ukabeba udongo mweusi na mavi ya kuku kutoka kwako, mifuko mingapi sijui, ngazi zile zote. Ukazimwagia maji asubuhi na jioni kama ulivyofundishwa.

Nilipoweza kusimama ulinishika kiuno ukanipandisha unioneshe. Ulikuwa na furaha kama uliyenizalia mtoto. "Nimekuokolea asmini zako, Dada." Makopo tisa, yamefura majani kama mchicha wa mvua. Hakuna tumba hata moja. Harusi tano nilikuwa nimeahidi maua, na zote tano nilizirudisha. Dawa yangu mwenyewe nikanyweshwa kwa mkono laini, na nikatakiwa niseme ahsante.

Nikasema ahsante. Wewe ukangoja. Ukangoja wiki, ukangoja mwezi, ukawa unapanda kuchungulia. Ile siku uliposhuka nilikuwa jikoni nachambua mchele. Ulisimama mlangoni, uso umekufa, ukasema: "Hata zako zimekataa kuchanua mkononi mwangu."

Zuhura, hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mengine yote naweza kuyatolea sababu, wivu, ngoa, ujana wako, upweke wangu. Hilo siwezi. Ulikuwa umeniosha. Ulikuwa umesimama hatua tatu kutoka kwangu, na nilichotakiwa kusema ni sentensi moja ya shamba: ziweke juani uzikate. Tu. Hata habari ya hospitali nisingeigusa. Sikusema. Nikaendelea kuchambua mchele wangu nikakwambia, "Ndivyo Mungu alivyopanga, mdogo wangu. Usimfunge Khamis, mtoto wa watu."

Mwezi ule ule ukaomba talaka. Khamis alilia, nikwambie kama hukuona. Ulimwambia aoe atakayemzalia, akakataa, ukakaa siku nne hukula, akakuandikia moja. Siku ya kuondoka ulinipitia na ile ndoo ya asmini umeipakata. Ukasema, "Nnarejesha, Dada. Mkononi mwako itapata raha." Ukanibusu mkono. Mie nikakwambia nenda salama, na mlango nikaufunga hujamaliza ngazi.

Asubuhi ya pili yake nikaikata. Mti wako ule ulioulea miaka miwili na ushei, nikaushusha mpaka shubiri moja, nikapukutisha kila jani ulilokuwa ukilifuta, nikauhamishia kopo dogo, nikautupa juani, sikuupa tone la maji siku tisa. Siku ya kumi nikaumwagia. Haukupita mwezi. Ulichanua, Zuhura, ulichanua vibaya, matumba juu ya matumba, hata zangu tisa hazijapata kufanya hivyo. Ulikuwa umejaa nguvu zako zote ulizoutilia. Niliyachuma alasiri yakiwa bado yamefumba, nikayatunga, nikavaa. Khamis akaingia akanusa, akauliza, "Hii ya wapi?" Nikamwambia ya kwangu.

Hiyo ni miaka minne iliyopita. Sasa mimi nina umri wa miaka hamsini na moja. Damu yangu ilishakoma, na ilipokoma ndipo nilipoelewa nilichofanya, si kwako, kwangu. Tumbo langu lilikuwa zima. Ningemwacha Khamis kwa heri mwaka ule wa tisa, nikaolewa na yeyote, muuza mkaa, ningezaa. Nilichagua kumsitiri mume, nikalifunga tumbo langu mwenyewe kwa mikono yangu, kisha nikaona haitoshi nikafunga na lako. Nakaa hapa sebuleni alasiri nasikia watoto wa nyumba ya pili wanasoma, na nawachukia. Watoto wa watu, hawajanikosea kitu. Ukitaka kujua kama nimeadhibiwa, basi hiyo hapo, na ukifurahi una haki.

Lakini usije ukafikiri nimekuwa mtu mwema. Sikuandikii kwa wema. Ungebaki huko Paje ukilima mwani wako na kumrudisha mwalimu hata mara kumi, ningenyamaza mpaka niingizwe mwanandani. Naandika kwa sababu Khamis anataka urudi, na mie sitaki. Sitaki tena zamu. Sitaki kukusikia ukivua viatu kule chini. Nimezeeka naye peke yangu miaka minne na nimezoea. Zaidi ya hayo sitaki kukutazama tena ukiulea mti mwengine, ukingoja. Siwezi kuifanya mara ya pili, na najijua, ningeifanya.

Kwa hivyo lishike hili. Wewe huna kasoro. Karatasi ya hospitali ilikwambia kweli, na bibi yangu hakuwahi kusema neno lolote kuhusu asmini. Mwenye kasoro ni Khamis, tangu kabla hujamjua. Ukirudi kwake utakaa miaka mingine kumi huku ukijitazama tumbo. Una thelathini na nne. Hesabu mwenyewe.

Radhi sikuombi. Mtu huomba radhi kabla hajafaidi, na mie nimeshafaidi.

Barua hii anakuletea Khamis mwenyewe. Kesho atavaa kanzu yake ya Idi, ataitia mfuko wa kifuani na atakuja mpaka mlangoni kwenu. Bahasha sikuitia gundi. Aliniuliza, "Hufungi?" Nikamwambia mambo ya wanawake hayana haja ya kufungwa, akacheka. Unamjua, hatoifungua, hajapata kufungua barua ya mtu maisha yake. Atakaa mbele yako kwenye baraza akikutazama unavyosoma, na kila mstari atadhani namwombea yeye.

Miaka ishirini na ushei nimeshindwa kumwambia kwa mdomo. Ukimaliza, mpe asome. Akirudi na talaka yangu, nguo zangu nimeshazikunja. Ila mpe kiti kwanza, chenye mgongo, na maji ya kunywa, maana siku hizi ana presha. Akishakaa vizuri ndipo umpe. Halafu usibaki kumtazama, huyo ni wangu wa kumtazama. Toka kwa mlango wa nyuma, uende kwa mwalimu kabla hajachoka kungoja.

Nenda, Zuhura. Zaa.

Ni mimi,
bi mkubwa wako